Bakari Alivyonifundisha Kuelea

Jumamosi, Ukunda. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka kwa nguvu, na nguo zangu kwenye kamba zinafuka mvuke. Nimerudi kutoka Msambweni mchana huu na chakula nimekiacha mezani. Si huzuni tu. Kuna kitu kingine kimenishika, na sijui nikiiteje.

Nimeduwaa.

Leo tumesoma hitima ya Bakari nyumbani kwao. Nasema tumesoma, ingawa mimi ni Mkristo na nilikuwa nimekaa tu kwenye mkeka na kikombe changu cha kahawa chungu, nikiinamisha kichwa wenzangu walipoinamisha. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Pale wananijua. Mimi ni Mutua wa Bakari.

Bakari alikuwa mlinzi wa bwawa la kuogelea katika hoteli ninayopikia, hapa jirani Diani. Mimi nilishuka kutoka Makueni nikiwa kijana, na maji mengi niliyokuwa nimewahi kuyaona ni ya mto wetu, ambao nusu ya mwaka ni mchanga mtupu. Nikakaa pwani miaka mingi bila bahari kunipita magoti. Wenzangu wengi wa bara wako hivyo hivyo. Tunaisikia bahari tukiwa vitandani, tunawapikia watu waliosafiri mbali kuja kuiogelea, na sisi wenyewe tunaiogopa.

Bakari hakulivumilia jambo hilo. Siku ya mapumziko, maji yakijaa, alikuwa akitukusanya ufukweni: wapishi, watu wa kufua, na Achieng' wa mapokezi, ambaye siku ya kwanza alikuja na koti la mvua. Akatuingiza kule upande wa ndani wa mwamba wa matumbawe, ambako mawimbi hayafiki, mmoja mmoja, bila haraka.

Mimi ndiye niliyemsumbua zaidi. Alinilaza chali juu ya maji, mkono wake chini ya mgongo wangu, nikamkaba shingo nusura tuzame wote wawili. Hakukasirika.

"Mutua, ndugu yangu, wapigana na nani?" aliniuliza. "Maji hayana ugomvi nawe. Lala kama uko kitandani kwako. Mimi nipo."

Nikalala. Maji yakaniingia masikioni, kelele za dunia zikazimika, nikayaona mawingu. Sijui aliuondoa mkono wakati gani. Nilipogeuza shingo alikuwa amesimama mbali nami, amekunja mikono kifuani, anacheka.

Nilikuwa baba wa watoto wawili, na nililia.

Kisha mwaka jana akaanza kulalamika mgongo. Tulimtania kwamba ni uzee. Ikaja kujulikana ni saratani, na ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Akaacha kazi, akarudi Msambweni kwa mama yake. Kila nilipopata nafasi nilikwenda kumwona, na kila nilipokwenda nilimkuta mdogo zaidi kitandani. Kulala kulimuuma. Kukaa kulimuuma. Alikuwa akigeuzwa upande huu anasaga meno, akigeuzwa upande ule anaomba msamaha kwa waliomgeuza.

Siku moja akaniambia, "Mutua, nipeleke baharini."

Nilidhani anataka kuiona tu. Mama yake alikuwa mlangoni, alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Mpeleke, mwanangu. Asibaki na hamu." Mimi na mdogo wake Salimu tukambeba kwa shuka mpaka ufukweni, kwani si mbali na kwao. Maji yalikuwa yamejaa na yametulia. Akasema, "Ingia. Usisimame hapa kama mgeni."

Tukaingia. Salimu akamshika kichwa, nami nikaweka mkono chini ya mgongo wake. Mgongo ule ulikuwa mifupa mitupu. Niliogopa nitamuumiza, niliogopa atanifia mikononi. Akanitazama machoni.

"Legeza mkono," akasema. "Wanikamata kama kuku."

Nikalegeza. Na hapo nikaona kitu ambacho nitakwenda nacho kaburini. Uso wake ulifunguka. Makunyanzi yote yaliyowekwa na maumivu yakaondoka, moja baada ya jingine, kama shuka inavyonyooshwa. Hakuna kilichokuwa kikimgusa ila maji, na maji hayakuwa na pembe ya kumchoma. Akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akasema polepole, "Alhamdulillahi. Hapaumi. Popote hapaumi."

Akacheka. Bakari yule yule, kicheko kile kile cha kutucheka sisi wapishi.

Tulisimama pale kama watu walioingia mahali patakatifu bila kubisha hodi, mpaka midomo ya Bakari ikaanza kutetemeka kwa baridi, ndipo tukamtoa.

Hakumaliza wiki ile.

Leo, baada ya hitima, watu walipoanza kutawanyika, nilimwendea mama yake kumuaga. Nikamwamkia shikamoo, akanishika mkono asiuachie. Nikamwambia kwamba sijawahi kumwona mtu aliyeipenda bahari kama mwanawe.

Akanikazia macho. "Kuipenda? Hakukwambia?"

"Kuniambia nini, Mama?"

"Bakari alikuwa akiogopa maji. Alipokuwa mdogo alitumbukia kisimani, akatolewa hana fahamu. Tangu siku ile hata kuoga ilikuwa vita. Nilimwogesha kwa kitambaa mpaka akawa na akili zake. Aliposema anakwenda kuomba kazi ya maji nilidhani amepagawa. Nikamuuliza, akaniambia, 'Mama, bahari iko mlangoni petu, nitaikimbia mpaka lini?'"

"Lakini ilimtoka hofu, Mama. Mimi nilimwona."

"Haikumtoka, mwanangu. Kila akija kunitazama, akiondoka kurudi kazini aliniambia, niombee, Mama, naingia majini. Mpaka mwaka jana aliniambia hivyo."

Nimerudi Ukunda nikiwa na maneno hayo, na tangu hapo sijatulia. Mtu niliyemkaba shingo kwa hofu alikuwa na hofu yake mwenyewe, na aliibeba chini ya hofu yangu bila kunionyesha hata kidogo. Kila siku ya mapumziko. Akasimama kwenye maji yaliyomfika kifuani, akaniambia yeye yupo.

Mtu wa namna gani huyo? Nilikula naye, nilitaniana naye, nilimbeba kwa shuka. Nilidhani namjua.

Tangu augue hakuna aliyeingia majini kujifunza. Kesho ni siku ya mapumziko na maji yatajaa mapema. Nimemwandikia Achieng' awaambie wenzetu waje ufukweni, na kama kuna wapya waje pia. Amejibu papo hapo, anauliza nani atafundisha.

Nikaandika: mimi. Nikafuta. Nikaenda kuanua nguo, nikarudi, nikaandika tena.

Nimetuma.