Usiikoshe Mizizi

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Kaole tu wazima, ila shangazi yako kalazwa tena, na wauguzi wameshaanza kumtii.

Unauliza kama uioshe mizizi ya msonobari wa marehemu baba yako ukiuhamishia chungu kipya, maana umeona ukungu mweupe kwenye mizizi. Mama yangu aliotesha mvinje, ule mti wa pwani unaofanana na msonobari, kwenye kopo, aupande kaburini kwa mdogo wangu. Siku ya kuuhamisha akaisugua mizizi mpaka ikang'aa. Jirani akamwambia, "Mwenzangu, umeukosha kama maiti. Haya, kauzike." Ulikauka. Mama hakupanda mwingine.

Huo ukungu ndio unaoulisha mti. Punguza mizizi mirefu ya pembeni, udongo wa katikati usiuguse. Aliushindilia baba yako kwa mikono yake.

Babu yako