Kibao cha Milepa

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia hapa Izia, marahaba. Bibi yako miguu inamsumbua na ulezi mwaka huu ni haba, lakini tupo.

Unauliza jina Wafipa lilitoka wapi, maana wenzako chuoni wanakucheka. Wazee walisema tulipewa na wafanyabiashara wapita njia, walipotukuta tunaishi huku juu ya ukingo wa mlima, yaani watu wa ukingoni.

Biashara ya nafaka iliporuhusiwa kwa watu binafsi, nilikuwa kijana, nikiteremka bondeni Milepa kununua mahindi. Mfugaji mmoja mhamiaji alinilaza kwake misimu miwili. Mimi nilimwita Msukuma, yeye akaniita Mfipa, ikatutosha. Alifariki ghafla mkewe akiwa safarini. Tulipomzika, mimi na majirani wachache, hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua jina lake. Nikachonga kibao cha kaburi, nikaandika “Msukuma”.

Mkewe alirudi siku ya tatu, akakisoma.

“Kwetu neno hilo ni upande wa kaskazini tu,” alisema taratibu. “Shemeji, umemzika nani?”

Akanitajia jina la mumewe, nikachonga kibao kingine.

Ndiyo sababu baba yako, Mfipa wa Izia, anaitwa Masanja.

Babu yako