Jicho la Pili Atachagua Mama

Tandika, Dar es Salaam

Kaka Vitalis,

Shikamoo. Nimekuamkia kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu nimepoa. Huko Matai mmeamkaje? Wifi na wanangu hawajambo? Ulezi mmeshavuna? Mimi mzima, cherehani inaenda, na mama yupo, anakula vizuri. Salamu zimeisha. Sasa nisikilize.

Barua yako imefika. Unasema jicho la pili la mama lisiguswe mpaka ipatikane lenzi ya kisasa ya kuona kotekote, kwa kuwa mwenye duka la dawa hapo kakuambia ndiyo bora. Nimecheka kwa hasira. Wewe uliyeharibu la kwanza!

Usiseme nakusingizia. Ulipomleta huku Dar ulimpeleka mwenyewe kutolewa mtoto wa jicho, mimi nikiwa kazini. Bandeji ilipofunguliwa, mama alishika gauni nililokuwa nashona akaniambia, "Leokadia, mshono umepinda." Nikapiga vigelegele. Kisha akatazama nje, akauliza kile kilichosimama kwa jirani ni mtu au ni nguo imeanikwa. Alikuwa jirani mwenyewe, anampungia mkono.

Nikaenda kliniki kutaka faili. Imeandikwa: lenzi ya karibu, kwa chaguo la mgonjwa. Nilipomsomea mama, akashangaa. "Chaguo gani? Yule nesi aliinamia karatasi zake akasema, 'Mama, karibu?' Nami nikasema asante sana, mwanangu." Alikuwa anaulizwa anataka kuona karibu au mbali, yeye akadhani anakaribishwa! Nesi akaandika. Chini yake kuna saini yako, ile yenye mkia mrefu. Ulikuwa umekaa hapohapo, kaka. Ulimsikia anashukuru, ukajua kabisa hajaelewa. Ila ulikuwa na haraka ya kwenda Kariakoo kutafuta spea za pikipiki, ukasaini. Hilo limeniuma kuliko kosa la nesi.

Sasa hiyo lenzi yako. Nimemuuliza daktari kwa utulivu, hasira nimekuwekea wewe. Ina duara ndani ya duara, inagawa mwanga, mwingine wa kuonea mbali, mwingine karibu. Wapo wanaoifurahia, miwani hawaitaki tena. Wapo pia wanaoona miduara kila wakitazama taa, na mwanga ukiwa hafifu vitu vinawafifia. Akauliza mama anatumia taa gani nyumbani. Nikamjibu huko Matai ni kibatari, na jiko lake ni giza hata mchana. Akatikisa kichwa. Wewe unachagua jicho kama redio, yenye bendi nyingi ndiyo bora. Siku hizi za biashara huria, kitu kikisemwa kimetoka nje basi hamuulizi tena.

Daktari akanigeukia, "Kwa hiyo tufanyeje?" Nikamwambia mgonjwa ni huyu, muulize yeye. Mama alinigeukia mimi kwanza. Nadhani hajazoea kuulizwa. Halafu akasema, "Nataka nimtambue mtu akiwa bado njiani. Watu wananiamkia, mimi nawakodolea macho tu, wanasema mama Vitalis ana maringo. Sina maringo, baba. Siwaoni."

Nililia palepale, na sasa naandika nikilia. Nimejikasirikia na mimi, maana sote tulikuwa tunamcheka kwamba anazeeka vibaya, na hakuna aliyemuuliza.

Basi Jumatatu anawekewa lenzi ya mbali. Daktari anasema jicho moja likiona karibu na jingine mbali, wengi huzoea baada ya wiki kadhaa, na akitaka miwani atapimiwa. Ameamua mama. Barua hii itakufika kazi imekwisha, kwa hiyo usijisumbue kunijibu kwa amri.

Nisalimie wifi, mwambie magauni ya wanangu yako tayari. Baba mdogo wa Muze akipanda huko kutoka bondeni, mwambie mama, shemeji yake, anamkumbuka kila siku. Yule mwenye duka la dawa sina salamu zake.

Tukirudi, njoo utupokee stendi, ila ukiona tunashuka usipige kelele wala usikimbilie mizigo. Simama ng'ambo ya barabara, ufunge mdomo, umngoje mama akuite yeye.

Ni mimi mdogo wako, bado nimekasirika,
Leokadia