Mashine Haikujaa Leo

Kambi ya wakimbizi, Kibondo, Alhamisi, 1999

Kumbe nilikuwa nikijificha nyuma ya mashine.

Wiki nzima programu yangu ya Java ilikwama kabla ya kumaliza namba za watoto waliopotezana na wazazi. Kila namba ilifungwa peke yake, kama kutia kila punje ya harage kwenye gunia lake. Kumbukumbu ya kompyuta ikajaa. Leo nimetumia maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, inayopokea namba tupu tu. Gunia moja, maharage yote.

Mama Evelina, ambaye wiki nzima nilimwambia mashine imejaa, arudi kesho kuuliza mwanawe, alikuwa benchini tangu asubuhi. Mashine ikapekua hadi mwisho. Mwanawe hayumo.

“Imejaa tena, mwanangu? Nirudi kesho?”

“Hapana, mama. Leo imemaliza zote.”

Akapiga makofi polepole kunishukuru, kama wafanyavyo kwao ng'ambo ya mpaka. Hakuuliza tena arudi lini.