Ubani wa Kwanza wa Mwalimu Nakandakari

"Mama Makato, mumeo anavunja vigae kwa ngumi, mbona anamwogopa jogoo wangu?"

Ndivyo jirani yetu Bibi Ushi alivyomwuliza mkeo Nabe juu ya ukuta wa mawe, siku ile jogoo wake alipokuwa akifukua viazi vyetu nawe umekaa tu, unamtazama. Ulicheka kabla ya mkeo. Ukasema jogoo naye ana watoto wa kulisha.

Mwaka umetimia, Nakandakari Seitoku, tangu ulipotuacha, na sisi wa nyumbani kwako kicheko hicho bado tunakitafuta uani. Lakini hatukitafuti kwa utulivu. Tuna hasira, na hatuoni sababu ya kukuficha.

Wewe ndiwe uliyeitoa karate gizani. Wakubwa wa mji wa Shuri walikuwa wakifundishana usiku, huko makaburini, kama watu wanaogawana kitu cha wizi. Wewe ukaileta mchana kweupe kwenye uwanja wa shule, ukawafundisha watoto wa wakulima, kisha ukamfundisha na binti yako Makato. Wakakuita muuza urithi. Wakamwaga mavi ya nguruwe langoni petu. Ukayazoa, ukayatia kwenye viazi, ukasema mbolea ya bure haikataliwi. Mkeo alitaka uende ukawaulize wamefanya nini. Hukwenda.

Asubuhi hukupiga gogo lako la kuzoezea ngumi mpaka mkeo amalize kuomba mbele ya mafiga matatu ya jikoni. Ulisema mungu wa moto asisumbuliwe na kelele mbili kwa pamoja. Makato naye husubiri hivyo hivyo mpaka leo, ngumi imefungwa, masikio ameyatega jikoni.

Na kila zoezi lako lilianza kwa mkono wa kupokea pigo. Aliyeanza kwa kupiga ulimrudisha mwanzo, hata akiwa mtu mzima mwenye ndevu zake.

Sasa tuseme habari za Zukeran, mwanafunzi wako mkubwa. Alikula kwenye sinia letu kama mtoto wa nyumba. Alipovuka bahari kutoka kisiwani kwetu akafika Osaka, akafungua ukumbi wa karate, akawaambia watu wa Bara kwamba uliua fahali kwa ngumi moja, na kwamba urithi wako ulimwachia yeye peke yake. Fahali gani? Wewe uliyeshindwa na jogoo? Ulipolala mgonjwa hakuja. Tulipokuzika hakuja.

Na wewe pia tunakulaumu, Baba Makato. Kwamba uwanja wa mazoezi hapa nyumbani na gogo ni vya Makato, ulimwambia mdogo wako Seijin peke yake, kwa kunong'ona. Kwa nini hukusema mbele ya wanafunzi wote? Upole wako ulikuwa mzuri ulipokuwa hai. Ulipoondoka, sisi ndio tuliobaki na kazi yake.

Basi siku ya kumbukumbu yako, masanduku ya nyama ya nguruwe, mwani na tofu ya kukaanga yalikwisha kupangwa mbele ya kibao cha jina lako. Zukeran akaingia na kofia ya Kibara, nyuma yake mpiga picha wa gazeti. Hatujakaa sawasawa, akachukua vijiti vya ubani, akaviwasha, akavichomeka kwenye majivu ya chetezo.

Kwetu ubani wa kwanza huwashwa na mrithi. Hakuna anayefanya hivyo kwa bahati mbaya, sembuse mtu aliyelelewa kwenye ua huu.

Mkeo hakupiga kelele. Alikuomba radhi moyoni, wewe na wahenga wote, maana kwake yeye kuzima ubani si jambo dogo. Kisha akanyanyuka, akaving'oa vile vijiti, akavizima kwa vidole, akamrudishia mkononi.

"Nyumba hii ina mwenyewe," akamwambia.

"Mama, mwanamke ashike jina la Mwalimu? Huko Bara watatucheka."

"Watakucheka wewe. Sisi hawatujui."

Makato akasogea na ubani wake. Zukeran akamkamata mkono. Binti yako hakupiga. Aligeuza kiwiko kidogo tu, kama mtu anayepokea bakuli la moto, na Zukeran akajikuta amepiga magoti mkekani, uso kwa uso na kibao chako. Hivyo akakuinamia, japo kwa kuchelewa. Mpiga picha alisahau kazi iliyomleta. Makato akawasha ubani.

Bibi Ushi, tofu bado mdomoni, akasema, "Kumbe ndiyo maana hakumfukuza jogoo wangu. Hakuwa na haja."

Maadamu moshi unapanda kutoka kwenye mafiga yale, jina lako litatajwa nyumba hii. Wanaokukumbuka ni mkeo Nabe. Binti yako Makato, mwenye uwanja. Mdogo wako Seijin na shemeji yako Kame. Jirani yako Ushi. Na wanafunzi wako wote uliowarudisha mwanzo.

Zukeran alipoinuka akijipangusa magoti, mkeo alimwambia kwamba familia itaandika kumbukumbu, na majina yatawekwa. Akamwuliza, "La kwako tuliweke pamoja na wanafunzi wenzako, au tuliache?"

Zukeran alimtazama Makato, akatazama ubani unaowaka. Akaokota kofia yake, akatoka.