Bastola Mezani, Saza Kwenye Simu

Jumamosi, katikati ya Julai. Baridi ya Tunduma imekaza tangu asubuhi, na upepo unaleta vumbi la malori yaliyojipanga kuelekea mpakani. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili tangu nitoke Saza, kwetu kwenye machimbo ya dhahabu.

Leo ni siku ya kusafisha bastola. Niliinunua kule nilipokuwa mnunuzi wa dhahabu, na leseni ninayo bado, ingawa dhahabu ninayoiona siku hizi ni ya masikioni mwa wanakwaya.

Ninafanya kama nilivyofundishwa. Kwanza ninatoa magazini, kile kikasha cha risasi. Ninavuta sehemu ya juu, ninachungulia ndani, kisha ninaingiza kidole, maana macho yangu siyaamini tena. Hakuna risasi. Ndipo ninaifungua: sehemu ya juu, springi, mtutu. Ninavipanga juu ya kipande cha kitenge kwa mfuatano wa kuvitoa.

Kitenge kilikuwa cha mke wangu, Neema. Mara ya kwanza kuisafisha, kule Saza, niliishiwa mafuta yake nikapaka ya alizeti. Baada ya muda vyuma vikagandana. Neema alinusa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba Tumaini, majambazi wakija utawapiga au utawakaangia?"

Walikuja kweli, mara mbili, nasi hatupo nyumbani. Baada ya mara ya pili Neema alisema hatalala tena pale. Tukahamia huku. Amezikwa huku.

Nilikuwa napitisha brashi ndani ya mtutu simu ilipoita. Ni mdogo wangu Eliza, aliyebaki Saza. Anataka jibu leo: nirudi nijenge kwenye kiwanja cha baba, ama mpwa wetu akichukue. Muda wote huu nimekuwa nikimwambia nitarudi. Nilishachagua hata upande wa kuelekezea mlango.

"Kaka, bado unaosha hilo chuma? Ungeoa tena, Jumamosi ungekuwa na shughuli nyingine."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na ngurumo isiyokoma. Nikamuuliza ni nini.

"Karasha hilo, linasaga mawe ya dhahabu. Liko pale kwenye shamba la mama."

"Na kisima?"

"Kisima kipi tena, kaka? Kilifukiwa. Tunanunua maji ya lori la boza."

"Majirani je?"

"Wageni watupu. Ila watu wazuri. Njoo, utawazoea."

Utawazoea.

Nikamwambia nitampigia. Nikaweka tone dogo la mafuta, nikarudisha mtutu, kisha springi, ambayo vidole vyangu viliibana kwa taabu, kisha sehemu ya juu. Nikaivuta ikiwa tupu. Ikarudi mahali pake bila kukwama.

Nilikaa nayo mkononi nikiitamani Saza. Joto lile linaloingia mpaka kwenye godoro. Mama akimenya karanga mlangoni. Neema akirudi na ndoo kichwani, akiniita kutoka mbali kabla sijamwona. Ninavitamani hata sasa ninapoandika, na hakuna hata kimoja kilichomo ndani ya kile kiwanja.

Nikaifungia bastola kabatini, nikampigia Eliza. Nikamwambia mpwa wetu achukue kiwanja.

"Basi Krismasi tutakuja sisi. Na utupikie, usisingizie uzee."

Nimemwambia waje. Mimi sitarudi Saza.