Hisa za Mama na Sahihi Yako

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, magoti yamepunguza kukusumbua, na shemeji amesharudi kazini baada ya ile homa. Wapwa zangu waambie mjomba wao anawauliza. Sisi huku hatujambo. Wifi yako ana mafua kidogo, lakini sauti ya kunigombeza ingali nzima. Karakana nayo inakwenda. Wiki hii nimepokea cherehani sita, na moja mwenyewe aliifungua nyumbani akashindwa kuirudisha, akaniletea vyuma vitupu ndani ya mfuko.

Barua yako niliipata Jumatatu. Miaka thelathini na miwili ya kushika chaki si mchezo, dada. Hongera kwa kustaafu. Nimefurahi mpaka mteja mmoja akaniuliza kama nimepata mtoto.

Umeniuliza kama tuuze kwa mpigo hisa zote za kampuni ya saruji tulizonunua kwa akiba ya mama, uezeke nyumba upya na salio likufae uzeeni. Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha, kwa hiyo nilikwenda kwa yule mhasibu wa ghorofani, mtaa wa pili kutoka karakana. Watu wanamwita Bwana Penseli kwa sababu huchomeka moja nyuma ya kila sikio. Ofisi yake ina meza moja, feni moja, na mafaili mpaka dirishani. Alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: fedha hizo dada yako anazihitaji lini hasa? Nikamwambia paa ni la mwaka huu, mengine ni ya uzeeni. Akasema basi usiuze ya uzeeni kwa sababu ya paa.

Alinieleza kwamba mwaka huu utakuwa na mshahara na kiinua mgongo. Tukiuza hisa zote, faida yake itaongezwa juu ya hayo, na wewe utasukumwa kwenye daraja la juu la kodi bila sababu. Lakini tukiuza sasa kiasi cha paa tu, kisha nyingine tuuze kidogo kidogo miaka ijayo, wakati huna mshahara tena, kodi itakuwa ndogo, na zilizobaki zitaendelea kutuletea gawio. Akasisitiza kwamba huko si kukwepa kodi, ni kujua kalenda. Akataka pia risiti za siku tuliponunua, maana bila hizo mkusanya kodi anaweza kuhesabu kila senti kuwa faida, kana kwamba hisa tuliokota njiani. Nilizitafuta siku mbili. Nilizikuta kwenye droo ya cherehani ya mama, zimefungwa kwa uzi pamoja na vyeti vya gawio vya miaka yote. Wino umefifia lakini zinasomeka. Ukiona jinsi hisa zilivyokuwa rahisi wakati ule utacheka. Akiba ya mama ya kupika hospitali miaka ishirini na sita leo imezaa mara saba.

Jambo la pili ndilo lililoninyima raha tangu Jumatatu. Umesema kiinua mgongo chako chote utanitumia mimi nikiwekeze kwa jina langu, nikiona inafaa. Umesema pia kwamba walimu wenzako wawili wanataka kufanya vivyo hivyo, kwa vile umewasimulia habari za mdogo wako mwenye moyo wa chuma, ambaye mwaka ule bei zilipoporomoka nusu nzima hakutikisika. Wifi yako ndiye aliyekuwa akinisomea, maana siku hiyo miwani yangu ilikuwa imevunjika mkono. Alipofika hapo akaiweka barua juu ya meza. Kisha akaniuliza kama nitakwambia mwenyewe au akwambie yeye.

Nakwambia mwenyewe, dada. Mwaka ule nilitikisika. Kila aliyeleta cherehani alikuwa na habari mbaya zaidi ya mwenzake. Mmoja akaapa kwamba kiwanda kinafungwa mwezi ujao, kwamba shemeji yake ni mlinzi pale na ameona mashine zikipakiwa. Nikaamua kuuza zote kabla hazijawa karatasi za kufungia karanga. Sikukuuliza, kwa sababu nilijua ungekataa. Lakini hisa ziko kwa majina yetu wawili, na fomu ya mauzo inataka sahihi zetu wawili. Nilichukua barua zako za zamani, nikajifunza sahihi yako mchana kutwa juu ya meza ya kazi, hasa ule mkia wa mwisho unaopinda kurudi nyuma. Nikaitia kwenye fomu, nikaipeleka kwa dalali wa hisa.

Karani wa dirishani alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole. Aliilaza fomu kando ya kadi yenye sahihi yako halisi, akaziangalia kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza taratibu kama dada yangu ameumia mkono. Nikasema ndiyo, ameteguka. Akanirudishia fomu, akasema nikupe pole, na ukipona uje mwenyewe. Nilitoka pale nimeificha fomu ndani ya shati. Kwa wiki tatu kila gari lililosimama nje ya karakana nililidhani ni la polisi. Woga wa kuitwa mwizi ukanisahaulisha woga wa bei, na huku nikiendelea kujificha, mwaka ukapita, kisha wa pili, bei zikapanda. Wewe ukaniandikia kunisifu. Nami nikakujibu kwamba niko imara. Nilidanganya, na uongo huo nimeula kama mkate miaka yote hii.

Kwa hiyo usinitumie kiinua mgongo chako. Kiweke kwa jina lako, utie sahihi wewe. Bwana Penseli yuko tayari kukuona mwezi ujao, akupangie kidogo cha benki cha kukutosha miaka miwili, na kingine cha kukaa muda mrefu bila kuguswa. Nauli nitalipa mimi. Nakala za risiti zote nimezitia ndani ya bahasha hii. Ukitaka tugawane hisa za mama kila mtu ashike zake, nitakubali bila neno. Na walimu wenzako waambie kwamba hisa ziliokolewa na karani wa dirishani, mdogo wako alikuwa anazikimbia.

Kama umekasirika, una haki. Nigombeze kwa simu au kwa barua, ila usininyamazie.

Msalimie sana shemeji na watoto. Wifi yako anakusalimu, ameshavaa viatu na amesimama mlangoni, anataka barua hii aipeleke posta kwa mkono wake kabla sijabadili mawazo. Nami namkabidhi.

Ni mimi,
Mdogo wako